Leseni ya Zamu

Nilipoingia kwenye arobaini ya Bi Mwanaidi, Januari hii, macho yangu hayakwenda kwa wafiwa. Yalikwenda ukutani. Najua ni aibu kusema hivyo, lakini mie ndivyo nilivyo, kiherehere nilizaliwa nacho na nadhani nitazikwa nacho. Watu wamekaa mikekani uani, kisomo kinaendelea, akina mama wamejifunika kanga, nami nachungulia kwenye mlango wa bekari nione leseni ya biashara imetundikwa upande gani. Ilikuwa bado ukuta wa kulia, juu ya mifuko ya unga, kwenye msumari wa Mama Upendo. Msumari wa kushoto, wa Bi Mwanaidi, ulikuwa mtupu. Mwaka mpya ulishaingia, na kwa utaratibu wa nyumba ile leseni ilitakiwa iwe imeshahama. Nikawa najiuliza itahamia kwa nani, wakati mwenye msumari tumeshamzika. Dua ikasomwa, nikaitikia amina pamoja na wenzangu, lakini swali halikunitoka.

Ili mnielewe itabidi niwarudishe kwenye mwaka nilioishi pale Tabata. Habari za kwetu sizileti hapa, zina mahali pake na hazinogeshi kitu. Itoshe kusema nilikuwa msichana mwenye astashahada ya sheria asiye na kazi ya sheria. Mchana nilikuwa kwenye duka la steshenari, nikiwachapia watu mikataba ya kuuziana viwanja vya Kibamba na Bunju, vingine sijui hata kama vilikuwepo. Jioni nilirudi kwenye chumba nilichopangishwa nyuma ya tanuri la mikate. Ukuta wa kitandani kwangu ndio huo huo ukuta wa tanuri. Msimu wa baridi nililala kama mtoto wa mfalme, msimu wa joto nilitandika kanga sakafuni na kulalamika peke yangu. Nguo zangu zote zilinuka hamira. Nikipanda gari, mtu aliyekaa jirani ananiuliza kama nimebeba mkate, namwambia hapana, ananitazama kwa mashaka.

Tanuri lilikuwa la wanawake wawili. Bi Mwanaidi alikuwa Mzaramo wa hapa hapa, mfupi, mpole wa sauti, mtu anayeweza kukuzodoa bila kunyanyua macho kwenye kinyunya cha unga. Mama Upendo alikuwa Mpare, mrefu, mwenye mikono mipana ya kukandia, anayecheka kabla hajamaliza sentensi. Mmoja Ijumaa yuko msikitini, mwingine Jumapili yuko kwenye kwaya, kwa hiyo tanuri halikukosa mtu. Walikutana kwenye mchezo wa akina mama, ule wa kuchanga na kupokezana, kila mwezi anapokea mmoja. Nilikula kwao mwaka mzima. Mikate iliyoungua upande walinikatia sehemu nzima, wakanipa na maharage ya nazi ya Bi Mwanaidi au makande ya Mama Upendo, kutegemea nani kapika. Sijawahi kula vizuri hivyo tena, na nimeshakula hoteli kubwa kubwa kwa gharama za watu.

Wiki niliyohamia, palikuwa na shughuli ambayo sikuielewa. Walipika ubwabwa, wakawaita akina dada wa kukanda, na kabla hatujala Mama Upendo akapanda kwenye stuli, akashusha fremu yenye kioo kutoka ukuta wa kulia. Ndani yake mlikuwa na leseni ya biashara, mpya kabisa. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akamkabidhi Bi Mwanaidi kwa mikono miwili. Bi Mwanaidi akaitundika ukuta wa kushoto, kigelegele kikapigwa, tukala. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha mikono, kiti pekee cha maana mle ndani, ambacho mpaka jana yake alikuwa akikikalia Mama Upendo. Nikauliza kulikoni. Nikajibiwa kwamba mwaka huu ni zamu ya Bi Mwanaidi. Zamu ya nini? Ya leseni. Nikauliza leseni inakuwaje na zamu, Mama Upendo akanisogezea sahani, akasema mwanangu ubwabwa unapoa.

Basi nikakaa na hilo jambo mwaka mzima linaniwasha. Nilikuwa naangalia tu. Niliona kwamba mwenye leseni ukutani kwake ndiye anayekaa kwenye kiti, ndiye anayeamua tunaoka mingapi, ndiye anayepokea wageni. Wakibishana, na walikuwa wakibishana kila siku ya Mungu, hamira gani, redio stesheni gani, dada gani apewe likizo, mwisho Mama Upendo alikuwa anapandisha mabega na kusema, “Haya, mwaka huu ni wako.” Mjadala unaisha hapo hapo. Mie nyuma ya ukuta, sikio limebandikwa kwenye matofali ya moto, nilishangaa. Kwetu mtu akishindwa hoja ananuna wiki. Huyu alikuwa anarudi kukanda na kuimba. Siku moja nilimuuliza kama hachoki kunyamazishwa. Akaniambia mwakani atanyamaza mwenzake, na yeye ndiye mwenye sauti kubwa, kwa hiyo mwenzake ndiye mwenye kazi ngumu.

Desemba ikaja na mhasibu wa shule moja ya bweni huko Kibamba. Alikula skonzi, akaomba nyingine, akasema shule inataka mikate ya kila siku kuanzia muhula mpya. Ila alitaka kwanza jalada la biashara, leseni ya sasa na za miaka ya nyuma, vyeti vya afya vya wapishi, cheti cha zimamoto, mikataba ya wafanyakazi, kila kitu. Wale wanawake walikuwa wanauza kwa wauza chai na maduka ya mtaani, shule ilikuwa kitu kingine kabisa. Alipoondoka wakanigeukia wote wawili kwa pamoja. Mama Upendo akasema, si wewe umesoma sheria, hebu tuambie kama tuko sawa. Kuanzia siku ile akaanza kuniita Wakili, na hajaacha mpaka leo ingawa uwakili wenyewe sikuwahi kuufikia. Mie nilifurahi kupita kiasi. Fikiria mtu mdaku kama mie anapewa ruhusa ya kufungua kila droo.

Nilitandika mkeka sebuleni kwao, nikaanza kukagua. Mizani ilikuwa na mhuri wa ukaguzi wa mwaka ule, safi. Vyeti vya afya vya wapishi wawili vilikuwa vimepitwa na wakati, wakaambiwa waende wakapime. Mtungi wa zimamoto ulikuwepo, lakini ulikuwa umefanywa kizuizi cha mlango wa stoo, na alipoulizwa Bi Mwanaidi akasema ndiyo maana mlango haujibamizi. Mkataba wa pango niliusoma mara mbili. Mwenye nyumba, mzee mmoja wa Bunju, alikuwa ameandika wazi kwamba wapangaji wake hawaruhusiwi kumpangisha mtu mwingine ndani ya eneo lile. Nikaangalia chumba changu nyuma ya tanuri, nikaangalia karatasi. Kumbe nami nilikuwa kosa, na sasa kosa ndilo lililokaa mkekani likikagua wenzake. Nililiandika kwenye orodha hata hivyo, la mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Halafu nikaomba leseni za nyuma. Bi Mwanaidi akazitoa kabatini zimekunjwa vizuri, kila mwaka na yake, nikazipanga kwa mfuatano. Ya kwanza jina la Bi Mwanaidi. Ya pili jina la Mama Upendo. Ya tatu Bi Mwanaidi. Ya nne Mama Upendo. Nikafika ya mwisho nikakaa kitako. Ile misumari miwili, kile kiti, ule ubwabwa wa Januari, vyote vikanijia kwa pamoja, na lazima niseme ukweli, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Wao walikuwa wananitazama tu, hawaoni kinachochekesha. Walinieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Siku ya kwanza kwenda kukata leseni, karani dirishani aliuliza biashara ni ya nani. Wakasema yetu. Akasema andikeni jina moja, foleni ndefu. Wakaandika la Bi Mwanaidi kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele, na njiani kurudi wakakubaliana mwakani litaandikwa la mwenzake. Ni kama mchezo wa akina mama, kila mtu anapokea kwa zamu yake, anayepokea leo hajamdhulumu wa kesho. Tangu hapo kila Januari wanafunga biashara ya mmoja na kufungua ya mwingine, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuuliza.

Nilianza kuwafafanulia, na kadiri nilivyofafanua ndivyo kicheko kilivyonikauka. Kisheria, niliwaambia, hii bekari hufa kila mwisho wa mwaka, na Januari huzaliwa nyingine. Haijawahi kutimiza mwaka wa pili. Michango ya wafanyakazi inakatika na kuanza upya. Mhasibu wa shule ataona biashara mbili zinazopishana mlango mmoja, hatazielewa. Nikaona bado hawajashtuka, na mie nikiona mtu hajashtuka huwa naongeza. Nikawaambia jingine baya zaidi, kwamba mmoja wao akifariki katika mwaka wa mwenzake, kwa karatasi anakufa hana kitu, na watoto wake wataambiwa mama yenu alikuwa anasaidia tu hapa. Mama Upendo akainuka, akasema anakwenda kuangalia tanuri, na tanuri lilikuwa limezimwa tangu saa nne.

Mie niliona dawa ni nyepesi. Wasajili jina la biashara kwa ubia, majina yote mawili, leseni itoke kwa hilo jina, waandike na makubaliano kwamba ni nusu kwa nusu. Wakakubali, mpaka nilipofika kwenye kipengele cha mbia anapofariki. Bi Mwanaidi akaweka kikombe chini. “Mwanangu,” akasema, “mie nikae hapa na akili zangu nimwandikie mwenzangu kifo?” Nikamwambia ni utaratibu tu, kila mkataba wa ubia unacho. Akasema basi utaratibu huo uwe wa watu wengine. Mama Upendo naye akasema kama shida ni hiyo, leseni ibaki kwa Bi Mwanaidi moja kwa moja, yeye zamu yake ya mwakani ameiachia, asisumbuliwe mtu. Alisema kwa roho safi kabisa, lakini Bi Mwanaidi alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Akauliza tangu lini yeye ni mtu wa kula zamu ya mwenzie. Mwingine akajibu hakuna anayeliwa, anatoa mwenyewe. Bi Mwanaidi akamwambia Mpare gani wewe unayekimbia kesi, ule utani wa siku zote kwamba Wapare wanapenda kesi, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nimeona magomvi mengi ya biashara baada ya pale, ndiyo kazi niliyokuja kuifanya maishani, na karibu yote ni ya kunyang'anyana. Lile lilikuwa la kusukumiana. Kila mmoja anamlazimisha mwenzake achukue, na kila mmoja anaona ametukanwa. Siku zilizofuata chakula kililetwa kwangu kwa sahani mbili tofauti, mmoja ananiletea maharage, mwingine ananiletea makande, wanapishana mlangoni bila kutazamana. Nyuma ya ukuta hapakuwa na mabishano tena. Sikuwahi kudhani nitatamani kusikia watu wakigombania redio. Mikate ilitoka kama kawaida, mizuri, lakini hakuna aliyekuwa anaimba, na wale akina dada wa kukanda wakaanza kunitazama mie kana kwamba nimeleta ugonjwa. Niliogopa. Nilikuwa nimeingia kwenye kitu kilichokuwa kinatembea vizuri, na kwa sababu tu nilijua kilivyotakiwa kuandikwa, kikasimama. Wakati huo huo, na hili ndilo silitetei, nilikuwa nawaka kwa hamu ya kujua watamalizaje.

Alikuja Mama Upendo, asubuhi, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Alisimama mlangoni kwangu, hakuingia. Akauliza kama sheria inaweza kuandika zamu. Nikamwambia makubaliano ni ya kwao, wanaweza kuandika wanavyoishi, mradi wakili akigonga mhuri aelewe. Akauliza kama ni lazima neno kufa liwepo. Nikafikiri, nikasema si lazima, tunaweza kusema mmoja asipokuwepo. Akatikisa kichwa, akasema taratibu kama mtu anayemsomea karani telegramu, “Mmoja asipokuwepo, zamu yake ipo.”

Nikamwambia ni maneno mazuri ila wakili atauliza, zamu ipo ndiyo, lakini anaikalia nani? Akasema mtoto wake, au yule aliyemtaja mwenyewe. Sote tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini, maana tulijua ukuta ule unavyopitisha. Kweli, upande wa pili wa tanuri, sauti ya Bi Mwanaidi ikaja, ya upole, bila kelele.

“Na kiti. Andika na kiti.”

Mama Upendo alianza kucheka hata kabla hajageuka. Nikaandika na kiti. Kiko mpaka leo kwenye kipengele cha mwisho, kwamba mwenye zamu ndiye mwenye kiti na neno lake ndilo la mwisho kwa mwaka huo. Wakili tuliyempelekea alikisoma, akavua miwani, akauliza kama huu ni mzaha. Bi Mwanaidi akamjibu kwa upole kwamba mzaha wanafanyaga wakiwa nyumbani. Akagonga mhuri. Januari leseni ikatoka kwa jina la biashara, wote wawili wabia, na hapo mie nikadhani mambo ya misumari yamekwisha, maana leseni sasa ilikuwa ya wote siku zote. Wapi. Wakapika ubwabwa, Bi Mwanaidi akaishusha kutoka kushoto, akaifuta, Mama Upendo akaitundika kulia, kigelegele. Nikauliza sasa mnahamisha ya nini. Nikasogezewa sahani.

Shule iliwapa nusu ya mikate kwanza, na baadaye yote. Mie nilihama Januari ile ile. Walikwenda mpaka Bunju kuniombea kwa mwenye nyumba, yule mzee akakataa, akasema mkataba ni mkataba, na aliyewafundisha kusoma mikataba ni nani kama si mimi. Mama Upendo alinibebea godoro hadi barabarani huku akiwatangazia majirani kwamba Wakili amejifukuza mwenyewe. Nililia kwenye gari, nasema wazi. Lakini nilikuwa nimeshaijua kazi yangu. Tangu mwaka ule kila Desemba nazunguka, Temeke, Kinondoni, kwenye saluni na magereji na maduka ya dawa, natandika karatasi za watu. Kila mahali, kabla sijaomba cheti chochote, nauliza kwanza hapa mnaishije. Wengine hudhani napiga soga.

Sasa turudi arobaini. Dua ilikwisha, pilau ikaliwa, watu wakaanza kutawanyika. Saida, binti wa Bi Mwanaidi, mtu mzima sasa na mwalimu wa shule ya msingi, akaja pale tulipokaa na Mama Upendo. Alipiga magoti, akamshika mikono. Akasema yeye na mjomba wake wamekubaliana wasimsumbue, wataondoa vitu vya mama, nguo, vyombo, na ile stuli yake, ili mama mkubwa aendelee na biashara yake kwa nafasi. Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma, akaongeza kwa adabu kwamba wanamshukuru kwa kuishi na dada yao vizuri miaka yote. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wanaaga. Mama Upendo, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, akanitazama. Nikafungua mdomo kueleza kipengele, karatasi ninayo hata kwenye simu, lakini akanipungia mkono ninyamaze.

Akainuka, akaingia ndani, nasi tukamfuata. Hakuweza kupanda stuli, akaisukuma fremu kwa ncha ya fimbo mpaka ikatoka kwenye msumari, akaidaka kifuani. Akaifuta kwa upindo wa kanga, polepole, kioo chote na pembe zake. Kisha akamkabidhi Saida kwa mikono miwili.

Saida akaishika, akawa anageukageuka, hajui aipeleke wapi. Ule msumari wa kushoto mie nilikuwa nimeukodolea macho tangu asubuhi. Nikauonyesha kwa kidole, bila neno. Akatundika. Hakuna aliyepiga kigelegele, hatukuwa na sauti hiyo. Mama Upendo akamwonyesha kiti cha mikono. Saida akasema mama mkubwa, mie sijui kuoka, mie ni mwalimu wa darasa la tatu. Akajibiwa kwamba mama yake naye wakati wanaanza alikuwa anaunguza. Basi akakaa, pembeni pembeni, kama mgeni.

Mama Upendo akasimama mbele yake, fimbo mkononi, mwanamke aliyewahi kumbeba binti yule mgongoni.

“Mwaka huu ni wako,” akasema. “Kesho tuoke mingapi?”

Saida alifunika uso kwa kanga. Alilia hivyo kwa muda, nasi tukamsubiri, hata mie nilikuwa sina swali. Mwishowe akajifuta, akaangalia mifuko ya unga, akasema tuoke ile ile ya siku zote. Mama Upendo akaitikia haya, akaweka fimbo ukutani, akaenda kunawa mikono.